Kadi Hufutwa Ijumaa

Ili laptop ya studio iwake asubuhi, ilibidi kwanza uinyanyue upande wa nyuma kwa vizibo viwili vya chupa, uielekezee feni ya mezani, ubonyeze kitufe huku mkono mwingine ukiushikilia waya wa chaja uliolegea, kisha uondoke. Ukiisimamia, haiwaki. Hivyo ndivyo alivyoamini Mkasi, na hakuna aliyeweza kumbishia, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeitumia. Jina la Mkasi alipewa na wapiga picha. Wao walirekodi harusi kuanzia asubuhi hadi watu walipochoka, yeye akazikata na kuziunga mpaka zikatazamika bila mtu kusinzia.

Ijumaa hiyo aliiwasha, akaenda kufagia sehemu ya mbele, akarudi. Skrini ilikuwa nyeusi. Ndani ya mashine kulikuwa na mlio mdogo, tik, tik, tik, kama mgeni anayebisha hodi akijua wenyeji wapo na hawataki kufungua.

Akaizima, akaiwasha tena. Tik, tik. Akachomoa betri na kuirudisha, akahamia soketi nyingine, akaubana waya kwa gundi ya karatasi. Akajaribu hata kuitukana, dawa iliyowahi kufanya kazi mwezi uliopita. Halafu akakaa kwenye kiti, akatazama saa, kwa sababu mke wa Mwalimu alikuwa anakuja mchana.

Mwalimu alikuwa mstaafu ambaye binti yake walimrekodia harusi mwanzoni mwa mwaka. Hakupenda kamera, simu aliipokea kwa kuishika mbali na sikio, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumrekodi akizungumza. Siku ya harusi alisimama akasema maneno machache kwenye maikrofoni. Wiki chache baadaye alilala, hakuamka. Mkewe hakuyasikia maneno yale. Alikuwa nyuma ya ukumbi akigombana na wapishi waliokuja na chakula pungufu. Wageni nao hawakuwa wamerekodi, maana mwenye studio ana sharti lake: kabla ya hotuba, mshereheshaji awatangazie watu warudishe simu mifukoni, zisimharibie picha. Kwa hiyo sauti ya Mwalimu ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya laptop iliyokalia vizibo vya chupa.

Na kwa nini ilikuwa bado imo humo? Kwa sababu studio haitoi video mpaka salio lilipwe. Msiba ulipoingia, pesa ya salio ikaenda kwenye jeneza. Mkasi aliomba ampe mama wa watu japo kipande kile cha hotuba, dakika chache tu, akasikilizie nyumbani. Mwenye studio akamjibu, "Ukimpa kipande, salio utalisikia redioni." Jana jioni mke wa Mwalimu alimaliza kulipa. Alituma ujumbe: *Kesho nitakuja kumsikiliza.* Hakuandika kwamba anakuja kuchukua video.

Kadi za kamera zisingesaidia. Zilikuwa chache, na desturi ya studio ni kwamba kila Ijumaa jioni zinafutwa ili Jumamosi ziende kwenye harusi nyingine zikiwa tupu. Diski ya nje ya kuwekea nakala ilijaa kitambo. Kununua nyingine ilikataliwa, kwa hoja kwamba laptop mpya itakuja na nafasi kubwa, diski ya nini tena.

Laptop mpya. Ukitaka kumtibua Mkasi, taja maneno hayo mawili.

Mwenye studio alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja, na hakuwa mtu mbaya kwa maana watu wanayoijua. Aliwahi kuumia tu, akaamua kwamba maumivu yake ndiyo yaongoze kazi ya kila mtu. Zamani alinunua laptop hii kwa bei kamili, na kabla hajaibandua nailoni ya skrini, likatoka toleo jipya lenye kasi zaidi kwa bei ileile. Mpiga picha wa mtaa wa pili akalinunua na kumcheka kwenye harusi, mbele ya wateja. Tangu hapo Mjomba akaapa hatanunua mashine bila kujua kesho yake. Akawa mfuasi wa wazungu wa mitandaoni wanaojadili prosesa za kompyuta ambazo hazijatengenezwa. Mkasi akisema laptop inazima yenyewe katikati ya kazi, anaambiwa subiri mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa ukifika, kumbe toleo lenyewe ni la kuzugia, lile la maana linakuja mwakani. Wapiga picha walimwita Toleo Jipya, naye akacheka, akidhani wanamsifu.

Simu, hata hivyo, hakuwahi kuisubiri. Kila ilipotoka mpya alikuwa nayo, kwa kuwa simu aliitumia yeye.

Mkasi aliifunga laptop kwenye kanga, akapakata mzigo wake hadi kwa fundi wa kompyuta aliyekuwa na meza chini ya ngazi za jengo la jirani. Watu walimwita Daktari. Daktari aliiwasha mara moja tu. Aliiinamia, akaweka sikio, akasikiliza milio michache, akaizima, akanyanyuka.

"Diski," akasema.

"Inapona?"

"Huyu ni marehemu, dada yangu. Hiyo milio ni roho inatafuta mlango." Akaona uso wa Mkasi, akaacha mzaha. "Kuna nini ndani?"

Mkasi akamweleza. Daktari akashika bisibisi bila kufungua chochote, akawa anaizungusha vidoleni.

"Mara ya mwisho ulipoileta nilikwambia nini?"

"Kwamba inakufa."

"Na bosi wako nikampigia nikamwambia. Unajua aliniuliza nini? Kama prosesa zijazo zitakuwa na joto dogo. Nikamwambia bosi, mimi nazungumzia diski. Akasema tusikurupuke."

"Hakuna namna yoyote?"

"Ipo. Kuna watu wana chumba maalumu, hawaingizi hata vumbi, wanafungua diski wanatoa vitu. Si mji huu. Na wanachotoza unanunua laptop mpya, tena chenji inabaki ya soda." Akaichomoa diski, akaiingiza kwenye mfuko wa plastiki, akaukunja vizuri kama dawa ya mtoto. "Ila usiichomeke popote. Kila ukiiwasha inajikwangua. Ikipelekwa leo kuna matumaini. Mkiichezeachezea, hakuna."

Alikataa kulipwa. Mkasi alishukuru, akaondoka na mfuko ule ameushika kwa mikono miwili.

Njiani kulikuwa na duka la kompyuta, lile ambalo yeye na Mjomba walilitembelea mara nyingi kama watu wanaokwenda kutazama nyumba ya kuhamia. Laptop aliyoitaka ilikuwa bado pale kwenye rafu ya pili, ya kijivu, yenye alama za vidole vyake mwenyewe pengine. Aliangalia bei. Akaangalia tena.

"Hii si ilikuwa chini ya hapa?"

Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, alimtambua. "Wewe si ndiye wa Toleo Jipya? Hajambo mzee wetu?"

"Nimeuliza bei."

"Bandua uone."

Mkasi akaingiza ukucha chini ya stika ya bei. Chini yake kulikuwa na stika nyingine, na bei yake ilikuwa ndogo. Akabandua na hiyo. Chini kukawa na nyingine, bei ndogo zaidi, ile ile aliyoikumbuka ya siku Mjomba aliposimama hapa hapa na pesa mfukoni akasema ikitoka mpya hii itaporomoka.

"Mpya haikutoka?" Mkasi akauliza.

"Imetoka. Ile pale."

"Sasa mbona hii haikushuka?"

Muuzaji akacheka bila furaha. "Dada, kushuka bei ni kwa wenzetu huko zinakotengenezwa. Huku ikitoka mpya, ya zamani hawaileti tena, zilizobaki tunazigombania. Halafu wakaongeza ushuru, wakasema ni vifaa vya anasa. Halafu dola ikapanda. Ukija mwezi ujao utabandua ya nne."

"Vifaa vya anasa," Mkasi akarudia.

"Ndivyo walivyoandika. Aliyeandika alitumia kompyuta."

Mkasi alizibandika zile stika palepale zilipokuwa, moja juu ya moja, maana hazikuwa kosa la muuzaji. Nje, kivulini mwa duka, akampigia Mjomba. Mjomba alikuwa ukumbini akiangalia taa za harusi ya kesho.

"Laptop imekufa," Mkasi akasema. "Diski imekwenda na kila kitu."

"Umejaribu kuizima ukaiwasha?"

"Mjomba."

"Nauliza tu."

"Daktari anasema kuna watu wanaweza kutoa vilivyomo. Ni gharama ya laptop. Iende leo. Hotuba ya Mwalimu imo humo, mjane anakuja sasa hivi."

"Gharama ya laptop? Kwa ajili ya hotuba?" Mjomba akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu anayemwelewesha mtoto. "Sikiliza. Toleo la maana linatoka mwezi wa kumi, safari hii ni hakika, nimeona mpaka picha zake. Pesa iliyopo ni ya hilo. Nikiitoa leo, mwezi wa kumi nanunua nini? Tutabaki nyuma mwaka mzima."

"Nyuma ya nani?"

"Usinijibu hivyo. Mwambie mama mafundi wanaishughulikia. Mwambie wiki mbili. Watu wa msiba ni waelewa."

"Nimdanganye?"

"Umtulize. Na kabla hujafunga, futa kadi. Kesho ni harusi kubwa."

Akakata. Mkasi alibaki ameitazama simu yake yenye ufa, akajua kwamba kama angekuwa na tofali mkononi angelirusha, na kwamba lingempata mtu asiye na kosa.

Alipofika, mke wa Mwalimu alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amevaa nguo ya heshima, kijani iliyoiva, na viatu vya kutokea. Mkobani alikuwa na spika ndogo iliyofungwa taulo. Kwenye ukuta nyuma yake kulikuwa na bango la studio: *Kumbukumbu zako ziko salama mikononi mwetu.*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na spika. Nilifikiri mashine zenu zina sauti ndogo, na masikio yangu si yale." Akaanza kuifungua taulo. "Binti amepiga simu toka huko alikoolewa. Anataka nimuwekee asikie."

Mkasi alikuwa ameipanga sentensi ya Mjomba njia nzima. Mafundi wanaishughulikia. Aliifungua midomo na sentensi haikutoka, kwa sababu ya ile taulo. Ilikuwa imepigwa pasi.

Akapiga magoti mbele ya kiti. Akasema yote. Laptop imekufa asubuhi. Video ilikuwa humo peke yake. Ilikuwa inaumwa muda mrefu na walijua. Akautoa ule mfuko wa plastiki akauweka juu ya meza. "Yuko humu, mama. Lakini hatuwezi kumfungua."

Mke wa Mwalimu aliutazama mfuko. Hakulia. Akaufunga upya mkunjo wa taulo aliokuwa ameufungua.

"Mlijua inaumwa?"

"Ndiyo."

"Na hamkununua nyingine?"

"Tulikuwa tunasubiri toleo jipya."

"Kwani hilo lililokuwepo lilikuwa na ubaya gani?"

"Halikuwa na ubaya."

Nje mtu alikuwa akiburuta meza ya chuma kwenye saruji, wakamsubiri amalize.

"Wewe uliisikia hotuba?"

"Mara nyingi. Nikikata narudiarudia. Naijua yote, mama, hadi alipokohoa."

"Niambie."

Mkasi akajifuta uso. "Alikohoa kwanza. Akasema, mimi sijui kuhutubia, nimezoea kusema halafu watu wanaandika. Wakacheka. Akangoja wamalize. Akasema, binti yangu, mama yako yuko huko nyuma anagombana na wapishi kwa ajili yenu. Hivyo ndivyo alivyonitunza na mimi. Sijawahi kumshukuru, maana kila nikitaka kumshukuru nakuta ana shughuli." Mkasi akaugeukia mlango. "Hapo alinyamaza. Alikuwa anatazama mlango wa nyuma. Halafu akasema, nitamwambia tukifika nyumbani. Akakaa."

Mke wa Mwalimu aliiweka spika mapajani, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Hakuniambia," akasema. Akasema tena, "Au aliniambia, nikawa na shughuli."

Akamgeukia Mkasi.

"Alisema kwa sauti gani? Ya kutania au ile ya chini?"

"Ile ya chini."

"Wewe unaniambia maneno, mwanangu, nakushukuru. Lakini sikulipia maneno. Nililipia nimsikie." Sauti ilikuwa imeanza kukauka, na kilichoikausha kilikuwa hasira. "Huyo mjomba wako yuko wapi?"

Mjomba aliingia jua lilipokuwa limeshalegea, simu mkononi, jasho la ukumbini shingoni. Alimwona mjane, akavaa ule uso wa pole unaovaliwa misibani na kuvuliwa getini.

"Mama yangu, pole sana. Nadhani binti huyu ameshakueleza, mafundi..."

"Ameshanieleza," mke wa Mwalimu akasema. "Kuna watu wanaweza kuifungua hiyo diski. Ipeleke."

"Mama, ni gharama kubwa mno."

"Nilipokuwa na salio uliniambia kanuni ni kanuni. Nikauza kabati, nikalipa. Hukuniambia ni gharama kubwa mno."

Mjomba akamtupia Mkasi jicho la kumlaumu, kisha akavuta kiti. Alieleza vizuri, kwa upole, kama alivyokuwa akieleza siku zote. Kwamba teknolojia inakwenda mbio. Kwamba ukinunua kwa pupa unaumia. Kwamba mwezi wa kumi si mbali, na mashine itakayokuja ni ya ajabu, na huenda hata diski kama hii itaweza kusomeka kwayo. Hilo la mwisho halikuwa kweli, na Mkasi aliona kwamba Mjomba mwenyewe alikuwa ameshaanza kuliamini.

"Nivumilieni kidogo tu," Mjomba akamalizia. Akamgeukia Mkasi. "Umefuta kadi?"

"Sijafuta."

"Sasa unasubiri nini? Kesho alfajiri tunaondoka."

"Harusi ya wiki iliyopita iko kwenye hizo kadi tu," Mkasi akasema. "Nakala yake ilikuwa kwenye laptop. Nikifuta, na wale nao hawana kitu."

Mjomba akafumba macho kidogo. Mkasi alimwona akilipigia hesabu jambo hilo, na kwa muda mfupi akadhani ameelewa, kwamba sasa atasimama, ataona aibu.

"Basi tutawaambia kulikuwa na hitilafu," Mjomba akasema. "Hatuwezi kwenda kesho bila kadi."

"Nunua kadi nyingine."

"Ninunue kadi leo? Mashine mpya inakuja na tundu la kadi za aina nyingine kabisa, wameshatangaza. Nitazipeleka wapi hizi?"

Mkasi aliisikia sentensi hiyo mpaka mwisho. Kisha akafungua droo na kuzitoa kadi, ndogo, nyeusi, kila moja na kipande cha plasta chenye tarehe. Kazi yake Ijumaa ilikuwa kuzichomeka moja baada ya nyingine na kubonyeza *ndiyo* kila anapoulizwa kama ana uhakika. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka. Hata wiki ile, baada ya harusi ya binti wa Mwalimu, aliifanya.

Alizunguka meza. Akamwekea mke wa Mwalimu kadi zote kiganjani, akavifunika vidole vya mama kwa mkono wake.

"Unafanya nini?" Mjomba akauliza.

"Mama atatutunzia."

"Hizo ni mali ya studio. Kesho nina watu ukumbini, nina kianzio chao. Ukitoka humu na upuuzi huu usirudi Jumatatu, na mama yako nitamweleza mwenyewe."

"Mweleze. Na hili la diski usilisahau."

Mjomba aliinuka, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kiti cha wateja. Mke wa Mwalimu hakuinuka. Alikuwa ameegemea kiti kama mtu aliyefika anakokwenda, spika mapajani, ngumi juu ya spika, ule mfuko wenye diski ameshauvuta upande wake wa meza.

"Mama yangu, naziomba kadi," Mjomba akasema, safari hii kwa adabu halisi. "Nina haraka."

Mke wa Mwalimu alimtazama kuanzia viatu mpaka usoni.

"Subiri," akasema.

Mkasi akavuta kiti chake akaketi kando yake.